Bafu dogo la masta huku nyanda za juu: namna ya kulipanga kabla jamvi halijamwagwa

Julai, saa kumi na moja alfajiri, Uyole, Mbeya. Maji ya bomba yanauma vidole, dirisha linapitisha upepo, na mlango ukifunguliwa unagonga sinki la choo, kwa hiyo unaingia kwa ubavu. Hilo ndilo lilikuwa bafu langu la kwanza la masta, nililojenga kwa kufuata picha niliyoipenda kwenye simu. Marumaru zilikuwa nzuri kweli. Kilichokosewa ni mpangilio, na mpangilio ukishafukiwa chini ya jamvi, yaani zege ya sakafu, hauna dawa nyepesi. Miaka miwili baadaye nilivunja sakafu nikaanza upya.

Tangu hapo nimekaa na ndugu na majirani kadhaa wakati wanachora ya kwao, wengine Mbeya, wengine Iringa, mmoja Njombe. Haya ndiyo ninayowaambia. Ninazungumzia bafu la mita za mraba tatu hadi nne hivi, lenye choo cha kukaa, sehemu ya kuogea na sinki la kunawia, lililo ndani ya chumba cha wenye nyumba. Na ninalizungumzia kwa mtu wa huku kwenye baridi. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya Dar es Salaam ukiileta huku bila kuigusa, utaoga ukitetemeka.

Kuna wanaouliza kama masta ina ulazima kwenye nyumba ndogo. Kwangu ina ulazima. Familia zetu hupokea wakwe, na heshima ya ukwe ni jambo zito. Kwa Wanyakyusa tangu zamani mkamwana na baba mkwe hukwepana. Mama wa nyumba akitoka bafuni na kanga yake moja, asikutane na mtu koridoni. Mita tatu za mraba zinamtunzia heshima hiyo.

Kwanza: chemba iko wapi, jua liko wapi, upepo unatoka wapi

Kabla ya kuchora chochote, toka nje usimame kwenye kiwanja. Tafuta mahali chemba (kile kisima kifupi cha nje yanapokutana mabomba ya maji machafu) na shimo la septiki vitakapokaa. Bomba la choo ni la inchi nne na linahitaji mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita moja. Ukiweka bafu upande wa nyumba ulio mita 12 kutoka kwenye chemba, bomba litazama sentimita 24 hadi 30 kabla halijafika. Kwenye kiwanja chenye mteremko, kama vingi vya Mbeya na Iringa mjini, jambo hilo linaweza kukusaidia au kukuangusha kabisa, kutegemea bafu lako liko juu au chini ya septiki. Jirani yangu aliweka masta upande wa bondeni na septiki upande wa barabarani kwa juu. Ilibidi achimbe shimo la pili, na lile la kwanza likabaki linahudumia choo cha wageni tu.

Kama unaweza, yaweke mabafu mawili ya nyumba yagusane mgongo kwa mgongo, au bafu ligusane na jiko. Ukuta mmoja unabeba mabomba yote, maji ya moto yanasafiri njia fupi, na fundi bomba anatumia vifaa vichache.

Kisha angalia jua. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Mbeya karibu nyuzi 9. Miezi ya baridi, Mei hadi Agosti, jua linapita upande wa kaskazini wa anga. Dirisha la bafu likitazama kaskazini au mashariki litapata jua katika miezi ile ile unayolihitaji, ukuta utapashwa na sakafu itakauka. Upepo wa baridi wa msimu huo hutoka kusini-mashariki. Bafu langu la kwanza lilikuwa na dirisha upande huo hasa, na sikuwa nimewaza kabisa kwamba upande una maana. Ikiwa huna njia nyingine ila kuweka bafu kusini, basi dirisha liwe dogo, la kioo kinachofungika sawasawa. Luva za vioo vilivyopangwa ngazi ngazi hazizibi upepo hata zikifungwa.

Kwa ndugu Waislamu kuna jambo la kuamua hapa hapa: kibla. Kutoka nyanda za juu kusini, Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Sinki la choo likitazama mashariki au magharibi, umeepuka kukielekea kibla na kukipa mgongo. Ukilikumbuka baada ya bomba kulazwa, umechelewa.

Pima chumba kitakachobaki, si kile cha kwenye ramani

Ramani inasema mita 1.5. Ukuta ukishainuliwa, unapigwa lipu ya sentimita moja na nusu, halafu gundi au saruji na marumaru yenyewe, nyingine sentimita moja na nusu mpaka mbili. Ukuta mmoja umekula sentimita tatu na zaidi, na kuta ziko mbili. Mita 1.5 imekuwa 1.43. Kwenye sebule hutaliona pengo hilo, lakini bafuni ndilo linaloamua kama goti litagusa ukuta au halitagusa.

Kwa hiyo mwambie mchoraji, kwa maneno wazi, kwamba unataka vipimo vya ndani baada ya marumaru. Ukijenga kwa tofali za kuchoma, ambazo ndizo nyingi huku, pima pia zile utakazotumia, kwa sababu kila tanuru lina saizi yake na unene wa ukuta hubadilika.

Hivi ndivyo vipimo ninavyovishikilia:

- Kutoka katikati ya sinki la choo hadi ukuta au kitu chochote cha pembeni: sentimita 38 ndiyo mwisho wa kubana. Ukipata 45, mtu mnene atakaa kwa raha.
- Mbele ya sinki la choo: sentimita 60 zilizo wazi. Sinki lenyewe na tangi lake hutokeza sentimita 65 hadi 72 kutoka ukutani.
- Sehemu ya kuogea: 80 kwa 80 inatosha mtu mzima, 90 kwa 90 ni starehe. Chini ya 75 utapiga kiwiko ukutani kila ukisugua mgongo.
- Mbele ya sinki la kunawia: sentimita 70, maana mtu huinama anaponawa uso.
- Mlango: ubao wa sentimita 70, yaani karibu 80 pamoja na fremu.

Weka choo kwanza

Vitu vitatu vinagombea nafasi, lakini havina nguvu sawa. Sinki la kunawia linatoa maji kwa kibomba chembamba cha inchi moja na nusu unachoweza kukipitisha ukutani. Sehemu ya kuogea inataka inchi mbili. Choo kinataka inchi nne, kinakaa chini ya jamvi, na hakitaki kona. Kila kona kali ni mahali uchafu utakapokwama siku moja. Ndiyo maana choo huwekwa kwanza, karibu na ukuta wa nje ulio upande wa chemba, bomba litoke moja kwa moja. Vingine vitajipanga kukifuata.

Nunua sinki la choo kabla fundi hajalaza bomba. Najua hili linawasumbua watu, kwa sababu hela ya wakati huo ni ya msingi, na choo ni kitu cha mwisho. Lakini masinki hayafanani. Kuna yanayotoa uchafu kwa chini, kupitia sakafuni, na kwa mengi ya hayo katikati ya tundu huwa sentimita 30 hivi kutoka ukuta uliokamilika. Kuna yanayotoa kwa nyuma, kupitia ukutani. Fundi akilaza bomba kwa kukisia, utakuja kulazimika kununua sinki linalofuata tundu, au choo kitakaa sentimita 10 mbali na ukuta na nyuma yake pabaki mfereji wa vumbi. Kama hela haipo, nenda dukani Mwanjelwa na tepu, chagua utakalonunua baadaye, pima, andika. Na zile sentimita 30 zinahesabiwa kutoka kwenye marumaru, si kutoka kwenye tofali.

Usisahau bomba la kupumulia. Choo kikivutwa, maji mengi yakipita kwa kasi hufyonza yale yaliyobaki kwenye mitego ya sinki na ya bafu, yaani zile kona za bomba zinazobaki na maji ili kuziba harufu, na mtego usio na maji huipitisha. Harufu inayowasumbua watu wengi kwenye bafu za masta haiondolewi kwa dawa ya kusafishia. Mara nyingi chanzo chake ni bomba lisilopumua. Bomba lipande hadi juu ya bati, mbali na madirisha.

Pembeni ya choo, upande wa mkono unaoutumia, acha nafasi ya bomba la kutawazia na koki yake ya kufungia. Kwa nyumba yenye wazee, acha pia sentimita za kufunga chuma cha kushikia ukutani, kama sentimita 85 kutoka sakafuni. Ukuta wa tofali utakibeba bila shida.

Sehemu ya kuogea, na ndoo

Kosa la kawaida ni kuacha chumba kizima kiwe bafu: unaoga, choo kinalowa, karatasi inalowa, na wa pili kuingia anakanyaga maji ya baridi na soksi. Mahali penye joto sakafu hukauka kwa saa moja. Kwetu Julai inaweza kushinda imelowa mpaka jioni. Kwa hiyo tenganisha pakavu na panapolowa hata kama chumba ni kidogo. Kioo kimoja kisichofunguka, cha upana wa sentimita 70 hivi, kinatosha, na ni nafuu kuliko kibanda kizima cha vioo. Ukuta wa nusu tofali uliopandishwa hadi mita 1.2, ukavishwa marumaru, nao unafaa, ila unakula upana wa sentimita 15 na zaidi. Pazia la plastiki ni rahisi kuliko vyote, lakini hewa ya baridi ikilisukuma linakung'ang'ania mwilini. Nililiacha baada ya mwezi.

Eneo la kuogea liwe mwisho wa chumba, mbali kabisa na mlango, chini ya dirisha au jirani nalo. Sakafu yake ishuke sentimita moja hivi chini ya ile ya choo, na iteremke sentimita 1.5 hadi 2 kwa mita kuelekea kwenye tundu la maji. Sakafu nzima ya bafu nayo ishuke sentimita 2 au 3 chini ya ile ya chumba cha kulala. Mweleze fundi hili siku ya kumwaga jamvi. Akishamwaga jamvi la nyumba nzima likiwa sawa, atakuja kukujengea kizingiti cha kukukwaza usiku.

Sasa ndoo. Michoro mingi ya mitandaoni huisahau kwa sababu wachoraji wake hawaijui. Umeme ukikatika, au hita ikiharibika, tunachemsha maji jikoni na kuchanganya kwenye ndoo. Wengine tunapenda hivyo hata umeme ukiwepo. Basi weka bomba la pili, la chini, sentimita 65 hivi kutoka sakafuni, ndoo ya lita 20 ipite chini yake. Pembeni jenga kibao cha kukalia cha zege, upana sentimita 30 na kimo 42, kivishwe marumaru. Kinabeba ndoo usiiname, kinamfaa mzee kukaa akioga, na mama anayemwogesha mtoto hapati maumivu ya mgongo. Katika bafu lote nililolijenga upya, hicho ndicho kitu wageni wangu huniuliza fundi wake ni nani.

Na kama mtaa wenu una mgao wa maji, tenga kona ya pipa la akiba, kama sentimita 45 kwa 45. Usipoitenga, pipa litajitafutia mahali, na mara zote hukaa mbele ya choo.

Sinki la kunawia na mlango

Kwa sinki sina mengi. Chagua lisilotokeza zaidi ya sentimita 40, mdomo wake uwe sentimita 80 hadi 85 kutoka sakafuni, na likae karibu na mlango kwa sababu ndilo linalotumika mara nyingi. Sinki lenye kabati chini yake linasaidia kuficha vitu, ila kabati liinuliwe kidogo lisiguse sakafu. Lile la mbao zilizosagwa na kugandishwa likigusa maji linavimba. Mbao za paina kutoka Mafinga zilizokaushwa vizuri na kupakwa vanishi hudumu zaidi.

Mlango ndio unaoua bafu dogo. Ubao wa sentimita 70 ukifungukia ndani unafagia karibu mita ya mraba 0.4 ambayo huwezi kuweka kitu. Kabla ya kukubali, chora ule upinde wa mlango kwenye karatasi uone unagonga nini. Njia ninayoipenda ni ufungukie chumbani, ukilala kwenye ukuta usio na kitanda wala kabati. Kuna sababu nyingine nzito kuliko nafasi: mtu akianguka bafuni, mwili wake huziba mlango unaofungukia ndani, na walio nje hushindwa kumfikia. Mlango wa kuteleza ukutani unaokoa nafasi, lakini hauzibi sauti wala harufu vizuri.

Hewa, na ukungu mweusi darini

Maji ya moto ndani ya chumba cha baridi hutoa mvuke mwingi, na mvuke ukigusa ukuta na dari za baridi hugeuka matone. Baada ya miezi michache unaona madoa meusi kwenye pembe. Dirisha la 60 kwa 60, kingo yake ya chini ikiwa mita 1.6 kutoka sakafuni, linatoa mvuke juu na kukuficha usionekane. Likiwa upande wa pili wa mlango, hewa itavuka chumba chote. Acha uwazi wa sentimita moja na nusu chini ya ubao wa mlango ili hewa iingie. Kama bafu halina ukuta wa nje kabisa, utahitaji feni ya kutolea hewa, na bomba lake litoke nje ya nyumba. Nimeona feni zinazomwaga mvuke darini juu ya mbao za paa, na mbao zikaoza. Tukuyu, kwenye mvua na ukungu karibu mwaka mzima, ningeweka feni hata kama dirisha lipo. Dari yenyewe isiwe ya jipsamu ya kawaida. Weka ya plastiki au mbao zilizopakwa rangi ya mafuta.

Maji ya moto

Hapa ndipo nyanda za juu zinapoachana kabisa na pwani, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua shawa ya umeme ya kilowati 5.5, ile inayopasha maji yakiwa yanapita. Pwani, maji ya nyuzi 27 yakipandishwa hadi 40, itakupa kama lita 6 kwa dakika. Huku, maji ya tenki asubuhi ya Julai tuseme yako nyuzi 15. Shawa ile ile itakupa lita 3 na kidogo. Ukifungua zaidi yanakuja ya uvuguvugu. Watu wanabadilisha shawa tatu wakidhani ni mbovu, kumbe ni hesabu tu.

Hita ya tanki haina tatizo hilo. Tanki la lita 30 likichemshwa hadi nyuzi 60, ukichanganya na maji ya nyuzi 15, linakupa lita 54 za nyuzi 40, yaani dakika 9 kwa bomba la lita 6. La lita 50 linakupa lita 90, watu wawili wanaoga. Lenye nguvu ya kilowati 1.5 litachukua saa moja na dakika chache kupasha zile lita 30, na litakula uniti 1.6 hivi. Kwa wanandoa wawili ningechukua la lita 50. Likijaa lina zaidi ya kilo 60, kwa hiyo lifungwe kwenye ukuta imara, juu ya mlango au juu ya choo kutegemea kimo cha dari, si mahali linapopigwa na maji ya kuogea.

Jua nalo si la kudharauliwa. Miezi yetu ya baridi ndiyo miezi ya kiangazi, na mchana anga huwa jeupe. Hita ya jua inafanya kazi vizuri wakati ule ule unapoihitaji, mradi itazame kaskazini. Kwa Njombe na Makete, penye siku za jalidi, muuliza muuzaji namna mtambo unavyokingwa maji yasigande ndani, kwa sababu barafu hupasua mabomba.

Presha: kila mita moja ya kimo cha maji juu ya kichwa cha shawa inakupa presha ya 0.1 bar tu. Kichwa cha shawa kiko mita 2 juu ya sakafu. Tenki lililo kwenye mnara wa mita 3 litakupa mkojo wa paka, na shawa nyingi za umeme hazitawaka kabisa. Inua tenki hadi mita 5, au panga pampu ndogo ya kusukuma. Na mabomba ya maji ya moto yawe ya plastiki ngumu aina ya PPR, ya kundi la maji ya moto. PVC ya kawaida hulainika.

Mambo mawili sitayasema kwa upole. Usiingize jiko la mkaa bafuni kupasha hewa, hata kwa dakika kumi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na kwenye chumba kidogo kilichofungwa inaua. Hita ya gesi nayo isifungwe ndani ya bafu. Ifungwe nje, ukutani, mabomba ndiyo yaingie.

La pili ni umeme. Kilowati 5.5 zinavuta ampea 24. Hita ya namna hiyo inataka waya wake peke yake, usiopungua milimita za mraba 4, sakiti breka yake, waya wa ethi uliounganishwa kwelikweli hadi ardhini, na kifaa cha kukata umeme ukivuja kiasi cha miliampea 30. Swichi iwe nje ya mlango. Soketi nazo ziwe nje. Taa na swichi yoyote ikae zaidi ya sentimita 60 kutoka kwenye eneo la kuogea. Nimesikia watu wakisema "inapiga shoti kidogo tu ukiigusa bomba." Ukisikia hivyo, zima, usioge, ita fundi umeme.

Mfano: mita 1.5 kwa 2.3

Chumba kina mita 1.5 kwa 2.3 baada ya marumaru. Mlango uko kwenye ukuta mfupi, umebanwa upande wa kushoto. Vitu vyote vitatu vimepangwa kwenye ukuta mrefu wa kulia: kwanza sinki la kunawia, limepewa sentimita 60, kisha choo sentimita 80, kisha kioo na ukingo wake 5, mwisho eneo la kuogea 85 likichukua upana wote wa chumba. Jumla 230.

Upana: sinki linatokeza 40, mbele yake inabaki 110. Choo kinatokeza 68, mbele yake inabaki 82. Unapita mpaka bafuni bila kujipindua. Kibao cha zege kiko kwenye eneo la kuogea, upande wa kushoto. Dirisha liko ukuta wa mwisho, juu. Mabomba yote yako ukuta mmoja na choo kinatoka nje kwa mstari ulionyooka. Hapa hata mlango ukilazimika kufungukia ndani, unalala kwenye ukuta wa kushoto na hauligusi sinki.

Chumba cha mraba, 1.8 kwa 1.8, kinakubali pia: bafu kwenye pembe ya mbali, choo pembeni yake, sinki ukuta wa pili. Mita 1.2 ya upana ndiyo inayonitatiza. Choo kikiwekwa ukuta mrefu, mbele yake inabaki 52 tu. Kikiwekwa ukuta wa mwisho, utaoga mbele ya choo na hutatenganisha pakavu. Ningechukua sentimita 30 kutoka kwenye chumba cha kulala, kabati la nguo likajibane. Hata kitanda kikubwa hakitaona tofauti.

Chora sakafuni, ukae

Msingi ukishafika usawa wa kujaza, kabla ya jamvi, chukua chokaa au chaki uchore bafu zima kwa saizi yake halisi. Weka kigoda mahali pa choo, ukae. Weka boksi mahali pa sinki, uiname kama unayenawa. Simama kwenye eneo la kuogea uinue mikono kama unayeosha kichwa. Mwite mwenzako afungue mlango wa kufikirika wakati wewe umesimama kwenye sinki. Majirani watashangaa. Zoezi hili la nusu saa limemwokoa shemeji yangu wa Kihesa, Iringa, kuvunja ukuta, maana hapo ndipo mkewe alipogundua kwamba dirisha lingetazamana na uchochoro wa wapita njia.

Mabomba yakishalazwa, mimina ndoo mbili za maji kwenye kila tundu ukiwa umesimama kwenye chemba, uone yanafika yote. Kisha yapige picha kwa simu, tepu ikiwa imenyooshwa pembeni, sakafu na kuta zote nne. Siku ya kutoboa ukuta ili kufunga kioo utazitafuta picha hizo.

Jamvi likishakauka, paka dawa ya kuzuia maji sakafu nzima, na kuta za eneo la kuogea hadi mita 2. Paka mikono miwili, wa pili ukivuka wa kwanza. Ikishakauka, ziba tundu kwa mfuko uliojazwa mchanga, jaza maji ya kimo cha sentimita 3, weka alama ya penseli ukutani, uache saa 24. Maji yakiwa bado kwenye alama kesho yake, mwite fundi marumaru, na mwambie alete za sakafuni zenye uso wa kukwaruza, zisizoteleza. Zile zinazong'aa ziende ukutani.